Kredi ya kodi ya Marekani: juu ya nini "dola 2,000 za serikali" hazikufika kwa kila mwenye nyumba

Mambo inaanzaka kwa simu. Ndugu aliye Louisville, Lexington, Houston ama Portland ya Maine anatuma picha ku WhatsApp: mashine mpya imefungwa kando ya nyumba, ama mapano ya sola yamepangwa juu ya paa. Chini ya picha ameandika kwamba serikali ya Marekani itamrudishia asilimia 30. Hapa Goma, Bukavu ama Uvira familia inaanza kupiga hesabu. Asilimia 30 ya dola 20,000 ni dola 6,000, na ndani ya dola 6,000 minerval ya watoto haiwezi kukosa. Mwezi wa tano unafika, na yule ndugu hazungumzi tena habari hiyo. Ukimuuliza anajibu: "Hawakunipa." Basi watu wanaanza kusema anaficha makuta.

Mara nyingi hafichi kitu. Aliambiwa jambo la kweli, lakini nusu yake tu.

Habari hii inagusa nyumba nyingi za kwetu. Katika miaka ya bajeti ya Marekani 2023 na 2024, Kongo ndiyo nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi zote waliopokelewa kule, na wengi wao wanasema Kiswahili. Wengine wamekwisha kununua nyumba. Msaada huu wa kodi wenyewe ulifungwa mwisho wa mwaka 2025, lakini madeni ya sola yaliyochukuliwa juu yake bado yanalipwa kila mwezi, na fomu za kodi za miaka ile bado zinaweza kurekebishwa. Ndiyo maana tunaueleza hapa pole pole.

Neno lenyewe linadanganya

Kwetu mtu akisema "kredi", tunasikia vitu viwili: deni la dukani, ama unité ya simu. Kredi ya kodi si kimoja wala kingine. Si mkopo, kwa sababu huirudishi. Si zawadi, kwa sababu hakuna anayekutumia noti. Ni punguzo linalokatwa moja kwa moja ndani ya kodi unayopaswa kulipa serikali. Ukidaiwa kodi ya dola 5,000 na una kredi ya dola 2,000, unabaki na deni la 3,000.

Sasa hapo ndipo swali linapoingia. Kama unadaiwa dola 800 tu na kredi yako ni 2,000, zile 1,200 zinazobaki zinaenda wapi?

Sheria ya Marekani ina majibu mawili. Kuna kredi ambazo serikali inakubali kulipa kinachobaki kwa pesa kamili, hata kama mtu hakudaiwa kodi yoyote. Ile ya wafanyakazi wa mshahara mdogo, inayoitwa EITC, ni ya namna hiyo, na familia nyingi zenye watoto zinaifahamu vizuri kwa sababu ndiyo inayoleta hundi kubwa mwezi wa pili ama wa tatu. Halafu kuna kredi ambazo zikifikisha kodi yako kwenye sifuri zinasimama pale pale. Haziendi chini ya sifuri. Kredi za kutengeneza nyumba ili itumie umeme kidogo zilikuwa za kundi hili la pili.

Mtu aliyezoea EITC akisikia "kredi", anafikiri zote ziko sawa. Kosa hilo si la ujinga. Neno ni moja, fomu ni za ofisi moja ya kodi, IRS, na muuzaji wa sola anayegonga mlango hana haraka ya kueleza tofauti.

Kredi zilikuwa mbili, na hazikufanana

Mwezi wa 8 mwaka 2022 rais Joe Biden alitia sahihi sheria kubwa inayoitwa Inflation Reduction Act. Ndani yake kredi mbili za zamani zilipanuliwa, kila moja ikawa asilimia 30 ya gharama. Wahasibu wanaziita kwa namba za vifungu vya sheria, 25C na 25D, na sisi tutafanya vile vile.

25C ilikuwa ya kutengeneza nyumba iliyokwisha kujengwa: kujaza vitu vya kuzuia baridi ndani ya dari na kuta, kuziba nyufa, kubadilisha madirisha na milango, kuweka mashine nzuri za joto. Ilikuwa na mipaka ya kila mwaka. Kwa vitu vya kawaida kredi haikupita dola 1,200, na ndani yake madirisha yote pamoja hayakupita 600, mlango mmoja wa nje 250, na uchunguzi wa nyumba unaofanywa na fundi kabla ya kazi 150. Pampu ya joto ilikuwa na mpaka wake wa dola 2,000. Pampu hiyo ni kama klim inayofanya kazi pande zote mbili: wakati wa joto inatoa joto nje, wakati wa baridi inaliingiza ndani. Mtu wa Lubero anajua baridi ya usiku, lakini baridi ya Maine ni mambo mengine, kwa hiyo mashine hiyo inauzwa sana kule.

25D ilikuwa ya kujitengenezea nishati: mapano ya sola, sola ya kuchemsha maji, betri za kuhifadhi umeme zenye nguvu ya kilowati-saa 3 kwenda juu. Kwa sola hakukuwa na mpaka wa pesa. Sistemu ya dola 20,000 ilileta kredi ya 6,000.

Zote mbili hazikulipwa pesa mkononi. Lakini zilitofautiana kwa jambo moja ambalo watu wengi hawakuambiwa. Kile kisichotumika cha 25D kiliweza kusogezwa mwaka unaofuata. Kile kisichotumika cha 25C kilipotea kabisa. Mwaka ukiisha, basi.

Mashine moja, nyumba tatu

Tuchukue mfano wa mwaka wa kodi 2024. Nyumba tatu, kila moja ina mume na mke wanaojaza fomu pamoja, watoto wamekwisha kuhama, hakuna kredi nyingine. Kila nyumba imenunua pampu ya joto ya dola 9,000. Asilimia 30 ni 2,700, lakini mpaka ni 2,000, kwa hiyo kwenye karatasi kila mmoja ana kredi ya 2,000.

Mwaka ule serikali ilikubali mke na mume watoe dola 29,200 kwenye mapato yao kabla ya kuhesabu kodi.

Nyumba ya kwanza inapata dola 28,000 kwa mwaka. Ukitoa 29,200 hakuna kinachobaki cha kutozwa. Kodi ni sifuri. Kredi inafika, inakuta hakuna cha kukata. Wanapata sifuri.

Nyumba ya pili inapata dola 45,000. Inabaki 15,800 ya kutozwa, kwa asilimia 10. Kodi ni karibu 1,580. Kredi inaimeza yote, halafu dola 420 zinazobaki zinapotea.

Nyumba ya tatu inapata dola 90,000. Kodi yake inapita 6,800. Kredi inakatwa nzima, na wanafaidika dola 2,000 zote.

Mashine ni ile ile, fundi ni yule yule, na risiti ni moja. Aliye na mshahara mkubwa ndiye aliyepata msaada mkubwa, na aliyehitaji zaidi hakupata kitu. Waandishi wa sheria walijua hivyo. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada ambao ungeifanya kredi ya sola ilipwe hata kwa asiyedaiwa kodi, lakini sheria iliyotoka 2022 haikubeba kipengele hicho. Na tena, sheria hiyo hiyo ya 2022 ilifungua njia ya makanisa, shule na serikali za miji, ambao hawalipi kodi ya mapato, kupewa pesa kamili kwa ajili ya sola zao. Kanisa liliweza kulipwa. Mama mkristo anayesali ndani yake, mwenye mshahara mdogo, hakuweza. Mtu anaweza kuitetea hesabu hiyo kwa sababu za bajeti, lakini mbele ya yule mama ni vigumu kuieleza.

Wizara ya fedha ya Marekani ilitoa hesabu ya mwaka wa kodi 2023: familia zaidi ya milioni 3.4 zilidai kredi hizi mbili, jumla dola bilioni 8.4. Kwa 25C wastani ulikuwa dola 882 kwa familia. Kwa hiyo hata kati ya waliopata, zile "dola 2,000" hazikuwa za kila mtu.

"Lakini mimi ninapataka hundi kila mwaka"

Hili ndilo linalochanganya watu kuliko yote, na tunaomba msome mara mbili.

Kwetu mfanyakazi wa serikali ama wa shirika anaijua IPR. Patron anakata kila mwezi, anapeleka, na mambo inaishia pale. Marekani pia patron anakata kwenye kila mshahara, lakini ile ni makadirio. Mwisho wa mwaka mtu anajaza fomu, kodi ya kweli inahesabiwa, na kama walikata kupita kiasi anarudishiwa kilichozidi. Ile hundi watu wanayoisubiri ni pesa yao wenyewe inarudi.

Turudi kwa nyumba ya pili. Kodi yao ya kweli ni 1,580, lakini kwa mwaka mzima mapatron walikwisha kukata 1,900. Bila pampu ya joto wangerudishiwa 320. Kwa kredi, kodi yao inakuwa sifuri, kwa hiyo wanarudishiwa 1,900 nzima. Hundi imekua. Ndugu anaona 1,900 na anafikiri serikali imempa karibu zile 2,000 zote. Kumbe kredi imempa 1,580, na 320 zilikuwa zake tangu zamani.

Basi "kredi isiyolipwa mkononi" haina maana kwamba hutaona hundi. Inamaanisha haiwezi kupita kodi yako mwenyewe ya mwaka ule. Swali la kuuliza si "Nitarudishiwa ngapi?" Swali ni "Kodi yangu ya mwaka, kabla ya kuangalia walichokata, ni ngapi?" Jibu liko ndani ya fomu 1040 ya mwaka uliotangulia, na mtu angeweza kulitazama kabla ya kutia sahihi kwa muuzaji.

Pale ambapo watu waliumia kweli

Kukosa dola 420 kunaudhi, lakini hakuvunji nyumba. Sola za mkopo ni habari nyingine.

Muuzaji anakuja mlangoni, mara nyingi saa ya jioni, ana tablet mkononi. Anasema sistemu ni dola 30,000 lakini "serikali inalipa 9,000", kwa hiyo bei yako ni 21,000. Mkopo unaandikwa kwa namna ambayo malipo ya kila mwezi yanaanza chini, yakihesabiwa kama mteja ataleta zile 9,000 ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi. Asipozileta, malipo ya mwezi yanapanda. Na atazitoa wapi, kama kodi yake ya mwaka ni 1,500?

Hizi si hadithi za mtaani. Mwezi wa 8 mwaka 2024 CFPB, ofisi ya serikali kuu ya Marekani inayolinda wateja wa mikopo, ilitoa ripoti juu ya mikopo ya sola. Ilionyesha mambo haya haya: bei inayotangazwa ikiwa imekwisha kupunguzwa kredi ambayo mteja anaweza asiipate, malipo yanayopanda kredi isipowekwa ndani ya mkopo, na ada zilizofichwa ndani ya bei. Wizara ya fedha na tume ya biashara ya kule zilitoa maonyo pamoja nayo.

Kwa mtu aliyeingia ndani ya mtego huo, ule mlango wa kusogeza wa 25D una faida. Tuseme nyumba ya pili iliweka sola ya dola 20,000 mwaka 2024 badala ya pampu. Kredi ni 6,000. Mwaka 2024 inatumika 1,580, inabaki 4,420. Mwaka 2025 punguzo la mke na mume lilipanda kufika 31,500, kwa hiyo kwa mshahara ule ule kodi inakuwa 1,350, na inabaki 3,070. Inaendelea kupungua namna hiyo. Pesa haikupotea, lakini inakuja kwa vijiko, na benki haisubiri vijiko.

Kuna pia wale waliokodi sola badala ya kuinunua. Pale kredi ilikwenda kwa kampuni yenye mapano. Mwenye nyumba hakuwa na haki ya kuidai, hata kama mapano yako juu ya kichwa chake.

Na wapangaji? Sola ya nyumba unayokaa uliweza kuidai ukiwa umeilipa wewe. Kwa 25C, mpangaji aliyenunua mwenyewe mashine kama pampu ya joto kwa nyumba anayoishi aliweza kudai. Mwenye nyumba anayepangisha tu, bila kukaa ndani, hakuweza. Lakini ni nani anayenunulia nyumba ya mtu mwingine mashine ya dola 9,000?

Rebate ni kitu kingine

Sheria ya 2022 iliweka pia karibu dola bilioni 8.8 za kupunguza bei moja kwa moja, zinazopitia serikali za majimbo ya kule. Kwa Kiingereza wanaziita rebate. Hizi haziangalii kodi unayodaiwa. Zinaangalia mapato ya familia ukilinganisha na mapato ya eneo lile, na kwa familia ya mapato madogo pampu ya joto inaweza kupunguziwa hadi dola 8,000 pale pale dukani ama kwa fundi. Kila jimbo lina ratiba yake. Mengine yamefungua, mengine hapana. Kwa nyumba ya kwanza katika mfano wetu, ile isiyodaiwa kodi, mlango uliofaa kugongwa ulikuwa huu. Na aliyepata rebate hakuruhusiwa kuhesabu asilimia 30 juu ya pesa ambazo hakulipa: anatoa kwanza rebate, ndipo anahesabu.

Mlango ulifungwa tarehe 31 mwezi wa 12, 2025

Kwa mpango wa 2022, kredi hizi zilikuwa ziende miaka ya 2030. Tarehe 4 mwezi wa 7, 2025, rais Donald Trump alitia sahihi sheria mpya iliyozikata. 25C haihesabu kazi iliyokamilika baada ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2025. Kwa 25D, gharama inahesabiwa siku ambayo mafundi wamemaliza kufunga, si siku ya kulipa avansi. Aliyelipa mwezi wa 11 na mafundi wakamaliza mwezi wa kwanza 2026, hana kredi, hata kama risiti yake ina tarehe ya 2025.

Kwa hiyo muuzaji anayegonga leo na kusema "serikali inarudisha 30" kwa nyumba ya mtu binafsi, anauza habari ya jana.

Aliyemaliza kazi kabla ya tarehe ile na hakudai kitu, mara nyingi kwa sababu aliyemjazia fomu hakumuuliza, bado anaweza kuwa na nafasi. Kwa kawaida fomu ya kodi inaweza kurekebishwa ndani ya miaka 3 tangu ilipopelekwa. Atahitaji risiti zenye tarehe na jina la kifaa, na fomu 5695 ya mwaka ule ule wa kazi, si wa mwaka mwingine. Kwa vifaa vya 25C vilivyowekwa mwaka 2025, fomu inauliza pia namba ya mtengenezaji, ambayo fundi ama kiwanda kinayo. Kule kuna vituo vya kujaza fomu bure kwa watu wa mapato madogo, vinavyoitwa VITA, vinavyofanya kazi maktabani na kwenye mashirika wakati wa msimu wa kodi. Jina lile halina uhusiano na vita vyetu. Ndugu yako akikuambia "niko VITA", usishtuke.